Maji yapo jirani, jirani gani?

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena, leo nipo nje kidogo ya Phoenix hapa Arizona, msinicheke na hii kofia maana jua la huku halina adabu kabisa. Kwenye komenti mnaniuliza sana mambo ya viwanja, Kigamboni, Chanika, Mapinga huko, mtu ananitumia picha anasema bro nimepata bei poa, barabara ipo, nguzo ya umeme ile pale, maji yapo jirani. Jirani gani sasa? Tuongee hapo leo.

Huku ni jangwa jamani, na nyumba zinaota kila kukicha. Ila tangu 1980 wana sheria, kampuni ikitaka kujenga mradi wa nyumba kwenye maeneo kama haya ya Phoenix, kabla haijauza hata kiwanja kimoja lazima ithibitishe maji yapo ya kutosha miaka 100. Mia moja! Sio kisima kimechimbwa juzi kikatoa maji basi wote makofi. Wanaangalia maji yenyewe yapo kweli, una haki nayo kisheria au unachota ya mwenzio, na hela ya kuyafikisha kwenye nyumba unayo.

Sasa Juni 2023 gavana Katie Hobbs akatoa hesabu za wataalamu, kwamba kwa miaka 100 ijayo maji ya chini ya ardhi eneo la Phoenix yatapungukiwa asilimia 4 ya mahitaji. Asilimia 4 tu, sisi tungesema aah Mungu atajalia. Wao wakafunga, mradi mpya unaotegemea visima peke yake hakuna cheti cha maji, miji inayokua kwa fujo kama Buckeye na Queen Creek ikabanwa. Zile nyumba kama elfu 80 zilizokuwa na vibali tayari zikaachwa ziendelee. Wajenzi walipiga kelele nyumba zitapanda bei, na siwaonei, hoja yao ina ukweli. Ndo maana 2025 ikapita sheria nyingine, shamba likiacha kulimwa haki ya maji yake inaweza kuhamia kwenye nyumba, maana mtaa wa nyumba unatumia maji kidogo kuliko shamba. Hiyo mi naona ina akili.

Ila kuna sehemu inaitwa Rio Verde Foothills, hapa ndo nilitaka tufike. Watu wana uwezo, nyumba kubwa, farasi uani, na mamia ya nyumba hizo zinaishi kwa boza! Nyumba ina tanki la lita kama elfu 19, gari linakuja linachomeka mpira linajaza linaondoka. Ilikuwaje wakati sheria ipo? Sheria inagusa viwanja 6 kwenda juu, kwa hiyo watu wakawa wanakata ardhi vipande 5, wanauza, aliyenunua naye anakata tena, na hakuna wa kumuuliza habari ya maji. Maboza yalikuwa yanajaza kwenye mji jirani wa Scottsdale, mji ukawaonya miaka kadhaa kwamba mto Colorado unapungua na nyie sio wakazi wetu, tarehe 1 Januari 2023 wakafunga bomba. Maboza yakaanza kwenda mbali, bei juu, watu wanakula kwenye sahani za karatasi wasioshe vyombo, wengine wanakinga mvua ili waflashi choo. Marekani hiyo! Mpaka bunge la jimbo likaingilia ndo maji yakarudi, kwa mkataba wa muda.

Na hivyo vipande 5 ndo sisi wenyewe. Bongo wangapi wananunua nyumba kwenye mradi wa kampuni? Mzee ana heka zake tatu anakata 20 kwa 20, mnaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, kila mtu anachimba kisima chake, kumbe wote mnavuta maji yaleyale, na ukiwa karibu na bahari siku moja unaonja chai ina chumvi. Mnakumbuka mwishoni mwa 2022 mto Ruvu uliposhuka Dar ikaingia mgao wa maji? Tangu hapo mmeona mahali wamesimamisha kugawa viwanja kwanza wahesabu maji? Tukileta sheria kali ya miradi mikubwa peke yake itampita huyu mzee pembeni. Swali la maji liulizwe pale ardhi inapokatwa na pale halmashauri inapotoa kibali cha ujenzi, hata kama ni chumba na sebule.

Dada mmoja kaniuliza alipie kiwanja Ijumaa au asubiri. Subiri dada yangu. Nenda DAWASA, wale watu wa maji wa Dar, ofisi ya eneo hilo, uliza bomba kubwa limeishia wapi na mtaa huo upo kwenye mpango wa lini, afu jioni pita kwa majirani uulize boza wananunua bei gani na kiangazi kisima kinakuwaje. Na dalali usiende naye.