Mike Tyson: Tunamsifu kwa Ngumi, Tunasahau Kichwa

Makocha, mabondia, wapenzi wa masumbwi, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nalirudia kwa sababu bado katika kila gimu kuna kijana anayezungusha ngumi kwa nguvu zote huku kichwa kimesimama kama mlingoti, na ukimuuliza anamwiga nani, anakujibu: Tyson.

Swali la leo ni hili: je, Mike Tyson amekuzwa kupita kiasi? Jibu langu nalitoa mapema. Ndiyo, Tyson amekuzwa kupita kiasi. Ila amekuzwa kwa kile ambacho hakuwa nacho, na kile alichokuwa nacho kweli hatukitaji.

Tyson, bingwa wa zamani wa dunia wa uzito wa juu, mnamjua, sitapoteza muda kumtambulisha. Rekodi yake ni ushindi mara 50, 44 kati ya hizo kwa nokauti, na vipigo 7, ukihesabu na kile cha Novemba 2024 mbele ya Jake Paul, mwanamtandao aliyegeuka bondia, Tyson akiwa na miaka 58. Watu wanasoma namba hizo wanafunga mjadala. Rekodi ni gunia la mpunga: mizani inakupa kilo, haikuambii makapi ni kiasi gani. Lazima upepete. Ulimpiga nani? Ulimpiga akiwa katika hali gani? Na siku mambo yalipokugeukia ulifanya nini?

Tuanze na kilicho chake. Tyson ana urefu wa sentimita 178, na mikono yake ikinyooshwa ncha hadi ncha ni sentimita 180. Katika uzito wa juu huyo ni mfupi. Bondia mfupi ana shida moja kubwa: ili afike anapoweza kupiga, lazima avuke eneo ambalo mwenzake anamfikia na yeye hafiki. Kocha wake Cus D'Amato, kule Catskill, jimbo la New York, alimfundisha namna ya kuvuka. Glovu mbili zimebana mashavu, viwiko vimeziba mbavu, kidevu kimeinamishwa, na kichwa hakitulii: kinakwenda kushoto, kinazama, kinaibukia kulia. Kifuko kidogo kinaning'inizwa kwa kamba, kinabembea kuja usoni, nawe unakikwepa kwa kuhama sentimita chache tu, si kwa kuruka nyuma. Halafu kuna magodoro yaliyofungwa kwenye nguzo na kuandikwa namba. Kila namba ina ngumi yake na mahali pake. Sauti kwenye kaseti inataja namba, bondia anapiga mfululizo, hadi mkono unajua njia bila kuulizwa.

Sasa tazameni lile pigo lake maarufu: mkono wa kulia mbavuni, kisha mkono huohuo kutoka chini hadi kidevuni. Mnaona nguvu, na nguvu ipo. Lakini ile ya mbavuni kazi yake ni kushusha kiwiko cha mpinzani. Kiwiko kikishuka, njia ya kidevu imefunguka. Na kabla ya ngumi zote mbili kuna kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi: amekwepa jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, ameingia amejikunja, magoti yamebeba uzito, na ngumi inapanda na mwili mzima. Ondoa kichwa kile kinachocheza, unabaki na mtu mfupi anayetembea kuelekea kwenye ngumi.

Kwa mfumo huo alianza ngumi za kulipwa tarehe 6 Machi 1985, na tarehe 22 Novemba 1986 akamsimamisha Trevor Berbick raundi ya 2. Hilo lilikuwa pambano lake la 28 katika muda usiofika miezi 21. Alikuwa na miaka 20, na hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyeuchukua mkanda akiwa mdogo kuliko yeye. Tarehe 1 Agosti 1987 akamshinda Tony Tucker kwa pointi na kukusanya mikanda ya vyama vitatu vya ngumi vya dunia, WBC, WBA na IBF. Hilo ni kubwa, na nikisikia mtu analibeza nitakuwa wa kwanza kumpinga.

Ila tuendelee kupepeta. Larry Holmes aliyelala raundi ya 4 Januari 1988 alikuwa na miaka 38, ametoka kwenye kustaafu, hajapanda ulingoni tangu Aprili 1986. Michael Spinks aliyedumu sekunde 91 Juni 1988 alikuwa bondia wa uzito mdogo zaidi aliyepanda juu, na hilo lilikuwa pambano lake la 5 tu katika uzito wa juu. Kumshinda Spinks ni ushindi halali. Lakini ndilo pambano linalorushwa kila siku kwenye simu zetu kama ushahidi kwamba hakuna binadamu angemweza Tyson, na halithibitishi hivyo hata kidogo.

Baada ya Spinks, mwishoni mwa 1988, Kevin Rooney, kocha aliyeuendeleza mfumo wa D'Amato baada ya mzee huyo kufariki Novemba 1985, akaondolewa. Hapo ndipo kazi kubwa ya Tyson inapoishia kwangu. Februari 1989 Frank Bruno alimtikisa raundi ya 1 kwa mkono wa kushoto. Alishinda, ndiyo, raundi ya 5. Lakini kichwa kilikuwa kimeanza kusimama, na ngumi zilikuja moja moja.

Tukafika Tokyo, tarehe 11 Februari 1990. Naomba mnivumilie hapa, maana kila mwaka tunabishana kuhusu kitu kisicho chenyewe.

James Douglas, maarufu kama Buster, alikuwa na mikono ya sentimita 211. Zaidi ya sentimita 30 za tofauti. Nyumba pekee ya kamari iliyokubali kuweka dau kule Las Vegas ilimpa 42 kwa 1, yaani dau la shilingi moja kwake lingelipa 42. Alifanya jambo ambalo kila kocha hapa analifundisha Jumatatu: jabu, mkono wa kulia nyuma yake, kisha hatua pembeni, na Tyson akikaribia anakumbatiwa asiweze kupiga. Raundi baada ya raundi. Tyson alikuja na kichwa kilichonyooka, na jabu ikakipata.

Katikati ya pambano jicho la kushoto likaanza kuvimba. Sasa sikilizeni, makocha. Kona ya bingwa wa dunia, yaani wasaidizi wake, haikuwa na chuma cha kukandamizia uvimbe. Kile kipande kidogo bapa chenye mpini, kinachokaa kwenye barafu pambano zima. Hawakuwa nacho. Walichukua glovu ya mpira, ya aina inayovaliwa hospitalini, wakaijaza maji ya barafu wakambandika usoni.

Kwa nini haifai? Kwa sababu chuma kinafanya kazi mbili pamoja: baridi inabana mishipa, na ugumu wake unasukuma majimaji yatoke karibu na jicho. Mpira wenye maji unatoa baridi kidogo na hausukumi kitu. Ukiukandamiza, maji yanakimbilia pembeni. Halafu kuna suala la muda. Mapumziko ni sekunde 60. Toa za kukaa kwenye kiti na kutoa kinga ya meno, toa za maji, na firimbi ya kuwatoa wasaidizi inalia sekunde 10 kabla ya kengele. Unabaki na kama sekunde 30 za kukandamiza, tena kwa mkono uliotulia, bila kusugua, kwa sababu kusugua kunapasua ngozi. Usipoanza uvimbe unapochipuka tu, raundi mbili baadaye hakuna la kufanya. Na lilikuwa jicho la kushoto, yaani upande ambao mkono wa kulia wa Douglas unatokea. Tangu hapo Tyson alikuwa anapigwa na ngumi asiyoiona.

Hili ndilo lililompiga Tyson: kona. Lakini mkikaa kijiweni mtasikia habari ya kuhesabiwa tu. Kwamba raundi ya 8 Tyson alimwangusha Douglas, na refa Octavio Meyran akahesabu polepole. Ni kweli, hesabu ya refa ilikuwa nyuma ya ile ya mtunza muda. Refa anatakiwa aichukue namba kutoka kwa mtunza muda. Alikosea. Ila bondia aliyeanguka hahesabu saa, anasikiliza refa. Douglas alipoanguka alipiga turubai kwa glovu kwa hasira, akamtazama refa, akasimama kwenye 9. Angeambiwa 9 mapema, angesimama mapema. Raundi ya 10 Tyson akapigwa ngumi ya kutoka chini na mfululizo uliofuata, akaanguka kwa mara ya kwanza katika ngumi za kulipwa, akapapasa kutafuta kinga ya meno, akaivaa ikining'inia nje. Hakuwahi.

Na kuna karatasi za majaji. Baada ya raundi 9 jaji mmoja alikuwa na 88 kwa 82 kwa Douglas, wa pili 86 kwa 86, na wa tatu 87 kwa 86 kwa Tyson. Kwa Tyson! Mtu aliyepigwa usiku mzima. Sifa yake ilikuwa inampigia pointi ulingoni. Ukitaka kujua kukuzwa kupita kiasi kunafananaje, ni karatasi hiyo.

Nawasikia mnasema: jela ilimharibia. Alihukumiwa kwa ubakaji mwaka 1992, akatoka 1995. Sawa, hesabuni miaka. Douglas alimpiga 1990. Miaka miwili kabla. Na Muhammad Ali alikaa nje ya ulingo tangu 1967 hadi 1970 kwa kukataa vita ya Vietnam, akarudi bila miguu yake ya zamani, na mwaka 1974 hapo Kinshasa, akiwa na miaka 32, akamlaza George Foreman raundi ya 8. Aliyepoteza kasi akatafuta njia nyingine. Njia ya pili ya Tyson ni ipi? Nionyesheni pambano.

Mwingine atasema alikuwa amezeeka. Hapa ndipo ninapokosa subira. Evander Holyfield aliyemsimamisha raundi ya 11 Novemba 1996 alikuwa na miaka 34, Tyson 30. Lennox Lewis aliyemlaza raundi ya 8 kule Memphis mwaka 2002 amezaliwa Septemba 1965, Tyson Juni 1966. Wote wawili ni wakubwa kwake! Vipigo vya 2004 na 2005, na hicho cha 2024, mimi mwenyewe navitupa nje ya mizani. Lakini hivi siwezi.

Sasa la kuinuka baada ya kuangushwa. Holmes aliangushwa na Earnie Shavers mwaka 1979 raundi ya 7, akainuka, akamaliza kazi raundi ya 11. Holyfield aliangushwa na Bert Cooper mwaka 1991, akainuka akashinda. Tyson hajawahi kuangushwa akainuka akashinda. Hata mara moja. Ndiyo maana simweki karibu na Ali, wala Joe Louis aliyetetea mkanda mara 25, wala Holmes aliyeutetea mara 20. Tyson aliutetea mara 9 katika kipindi chake cha kwanza.

Nilitaka kuzungumzia mapromota na fedha, na pambano la 1997 alipomng'ata Holyfield sikio, lakini naona muda unanikimbia, na hayo mnayajua.

Basi kwa wenye gimu, ombi moja. Msiwaonyeshe vijana pambano la Spinks. Waonyesheni la Tucker, raundi zote 12, kwa sababu Tucker alikuwa mrefu, hadi siku hiyo alikuwa hajawahi kushindwa, alikuwa na jabu na alikuwa anakumbatia. Zimeni sauti. Kila Tyson anapoingia, mpeni kijana kalamu ahesabu kichwa kimehama mara ngapi kabla ya ngumi ya kwanza. Kisha wekeni Tokyo, raundi ya 3 tu, ahesabu tena.

Karibuni maswali. Kocha wa pale nyuma, naona mkono wako uko juu tangu nilipomtaja Holmes.