Mkungu: Lisome Tawi Kabla ya Kuchimba Shimo

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimekuja na tawi moja la mkungu nililoliokota chini ya mti wenyewe, na tutaanza nalo kabla sijasema lolote juu ya kuotesha. Simaanishi mkungu wa ndizi. Nauzungumzia mti ule ambao wataalamu wa mimea huuita Terminalia catappa, uotao kando ya bahari katika nchi nyingi za joto.

Litazameni tawi hili kwa ubavu. Limekwenda mbele kidogo, ncha ikapinda juu na kutoa shada la majani, safari yake ikakomea hapo. Chini kidogo ya shada likachipuka tawi jingine, nalo likaenda mbele, likapinda, likatoa shada lake. Kila nundu mnayoiona ni mahali shada lilipokaa. Ndiyo maana majani ya mkungu hujazana nchani, na hata jina Terminalia limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mwisho au mpaka.

Shina nalo hukua kwa vipindi. Hupanda juu peke yake, hutua, kisha hutoa matawi kadhaa kwa mpigo, kila moja upande wake; halafu hupanda tena. Kwa hiyo mkungu mchanga huonekana kwa mbali kama nyumba ya ghorofa isiyo na kuta. Ukishafika mita 25 au zaidi, kilele hutanuka na ghorofa hazionekani vizuri. Hapo ndipo watu huuchanganya na mtondoo, ambao pia ni mti mkubwa wa pwani wenye kivuli kizito.

Shikeni jani, mtaondoa shaka. Ya mtondoo hukaa mawilimawili yakikabiliana, ni magumu, yanang'aa, na mishipa yake ni myembamba, imepangana kama meno ya kitana. Ukivunja kikonyo, utomvu hutoka. Jani la mkungu ni refu, kama shubiri moja hivi, pana upande wa ncha na jembamba linapokaribia kikonyo. Tena hugeuka jekundu au la manjano kabla ya kuanguka. Mkungu hupukutisha majani mara moja kwa mwaka, pengine mara mbili, na wengi wakiona hivyo hudhani unakufa, wakaumwagia mbolea. Hauumwi. Baada ya muda mfupi utavaa majani mapya.

Tunda lina urefu wa sentimita 5 hadi 7, limebonyea kidogo, na lina ukingo kila ubavu. Ganda lake la nyuzinyuzi ni jepesi kama boya, kwa hiyo bahari hulibeba mbali. Popo nao hula nyama yake na kuangusha kokwa waendako. Ladha ya kiini hufanana na lozi, ingawa mkungu na mlozi si jamaa. Hiki hapa nimekikata kati. Mnauona mzunguko huu ndani? Ni majani mawili ya kwanza ya mche, yamekunjwa pamoja kama mkeka. Kwangu mimi hakuna kitu kizuri zaidi katika mti huu wote.

Kwa sababu kiini ni laini hivyo, msivunje kokwa. Okoteni tunda lililoiva na kuanguka karibuni, maana mbegu haidumu ikiwekwa, mlizike zima likiwa limelala, mlifunike kwa udongo kidogo, na unyevu usikatike kwa wiki kadhaa. Mche ukishapata nguvu, uhamishieni penye jua la kutosha. Mchanga na upepo wa chumvi huvivumilia, ila kiangazi cha kwanza unahitaji maji.

Sasa mahali pa kuupanda. Mimi niliwahi kuupanda mmoja hatua nne kutoka ukutani. Mizizi yake hutambaa juujuu na kunenepa. Ikainua sakafu ya baraza, ikabidi mti ukatwe ukiwa ndio kwanza umeanza kutupa kivuli. Uliniuma sana. Tangu hapo sikubali chini ya mita 10 kutoka kwenye jengo au bomba, kwa kuwa tawi mlilolishika, hatua kwa hatua, huenda mbali kuliko mtu anavyofikiria.

Wala msikate kilele ili mti utanuke. Utatanuka wenyewe. Kilele ndicho kinachojenga ghorofa. Kikikatwa, huchipuka machipukizi yanayogombania nafasi, na umbo hupotea. Mkitaka kupita chini yake, ondoeni ghorofa ya chini mapema, matawi yakiwa bado membamba, bila kuacha kisiki wala kuchubua shina.

Matunda yaliyo mezani niliyaokota jana asubuhi. Kila mmoja achukue mawili, ayazike leo kabla ya giza.