Majina ya vivutio vya Japani: anza na mkia wa jina

Haya jamani, asanteni kwa kuja, na mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Leo hatugusi sarufi kabisa. Leo ni majina tu, majina ya sehemu ambazo watalii wanaenda kuona Japani, mahekalu, ngome, milima, minara, na nimechagua hii mada kwa sababu naona wanafunzi wengi wa Kijapani wanaichukulia kama listi ya kumeza, mtu anaandika kwenye daftari Kinkaku-ji, Kiyomizu-dera, Himeji-jo, Fuji-san, anakariri usiku kucha alafu wiki ijayo hakuna hata moja kichwani. Na si kwamba hana akili, hapana, ni kwamba ameshika jina zima kama donge moja wakati lina vipande, na kile kipande cha mwisho ndo kinakwambia unaenda kuona nini. Kwaiyo mimi nasema anzeni na mkia.

Tuanze na hekalu la Kibudha maana ukiwa Kyoto au Nara utakutana nalo kila kona. Herufi yake ni hii, 寺, ikiwa peke yake inasomwa tera. Sasa ikikaa mwishoni mwa jina mara nyingi inasomwa ji, na sehemu nyingine dera. Todai-ji, Senso-ji, Kinkaku-ji, hizo ni ji. Kiyomizu-dera ni dera. Herufi ni ile ile moja! Wajapani walipochukua herufi kutoka China walichukua na matamshi yake, lakini maneno ya kwao nayo wakabaki nayo, ndo maana herufi nyingi zina usomaji wa aina mbili, wa Kichina na wa Kijapani, na ji ndo ule wa Kichina. Mara nyingi, sio mara zote lakini mara nyingi, jina likianza na usomaji wa Kijapani linamalizia na wa Kijapani. Kiyomizu maana yake maji safi, ni maneno ya Kijapani pande zote, ndo linaenda na dera. Na hayo maji safi yapo kweli, chini ya lile jukwaa maarufu la mbao kuna maporomoko madogo yanaitwa Otowa, watu wanapanga foleni wanakinga na kunywa.

Nikae kidogo kwenye Senso-ji maana inachanganya watu sana. Hili hekalu liko Tokyo, mtaa wa Asakusa, unashuka stesheni ya Asakusa, unapita lango la Kaminarimon lenye ile taa kubwa nyekundu ya karatasi, kaminari ni radi na mon ni lango, unatembea katikati ya maduka unafika. Sasa mtaa ni Asakusa, hekalu ni Senso, unadhani ni vitu viwili tofauti, kumbe herufi zilizoandikwa pale ni zile zile, 浅草, mtaa wanausoma Kijapani, hekalu wanalisoma Kichina. Ukishalijua hilo unaacha kuogopa vibao vya Japani, nawaambia ukweli.

Kinkaku-ji na Ginkaku-ji shikeni pamoja. Kin ni dhahabu, gin ni fedha, kaku ni jumba lenye ghorofa. Lile la dhahabu limepakwa dhahabu kweli ghorofa mbili za juu, ila mnaloliona leo sio la kale, lilichomwa moto mwaka 1950 na mtawa kijana wa hapo hapo, likajengwa upya 1955. La fedha halina fedha ukutani, ni mbao tu, na mimi binafsi naliona zuri kuliko mwenzake, ile bustani yake ya mchanga na moss inatuliza roho.

Sasa Kishinto. Hii ni dini nyingine na nyumba zake zina mikia yake: jinja ndo ya kawaida, jingu mara nyingi ni kubwa zaidi na nyingi zina uhusiano na familia ya kifalme, taisha nayo ni kubwa. Kwa Kiswahili zote tunaita hekalu na sioni tatizo, ila kwa Kijapani usimuulize mtu njia ya tera wakati unaenda jinja, atakupeleka kwingine kabisa. Alama ya haraka ni torii, lile lango la miti miwili imesimama na miwili imelala juu, ukiliona ujue kwa kawaida hapo ni Kishinto. Fushimi Inari Taisha ya Kyoto ina torii maelfu, zimepangwa mlimani moja nyuma ya nyingine, na zimetolewa na watu na makampuni, ukigeuka ukaangalia upande wa nyuma wa nguzo utaona jina la aliyetoa na tarehe. Wengi wanapiga picha wanaondoka bila kugeuka, na pale ndo pana mazoezi bora ya kusoma kanji, yaani hizi herufi zilizotoka China, ya bure kabisa!

Alafu Meiji Jingu ya Tokyo, ilianzishwa 1920 kwa heshima ya mfalme Meiji na mkewe Shoken. Nani amesikia Omotesando? Wengi. Mnaijua kwa maduka ya nguo za bei mbaya. Lakini sikilizeni jina: sando ni njia ya kwendea kuabudu, omote ni upande wa mbele, kwaiyo Omotesando ni ile njia ya mbele ya kwendea Meiji Jingu. Barabara ilikuwa ya waumini kwanza, maduka yakafuata. Ukilijua jina unatembea pale unajua kabisa unaelekea wapi na kwa nini ile barabara imenyooka vile.

Mikia mingine nitapita haraka. Ngome ni shiro, mwishoni inakuwa jo: Himeji-jo, Osaka-jo, Nijo-jo. Jina halikwambii kama ni ya zamani au la, Himeji-jo ni yenyewe tangu 1609 na iliingia urithi wa dunia 1993, ila mnara mkuu wa Osaka-jo ni zege la mwaka 1931. Mlima ni yama au san. Ziwa ni ko, Kawaguchi-ko, pale watu wanapopigia picha Fuji. Na hiyo san ya Fuji-san sio ile san ya heshima ya Tanaka-san, ni herufi ya mlima, 山, basi, na Wajapani wenyewe hawasemi Fujiyama. Mlima wetu nao wameuwekea mkia huo huo, wanauita Kirimanjaro-san, na wengi kule wanaijua Kirimanjaro kwanza kama kahawa.

Kuna kitu kinaitwa kulainika kwa sauti, ndo hicho kiliigeuza tera ikawa dera. Neno likishikana na lingine mbele yake, ile konsonanti ya mwanzo inabadilika, t inakuwa d, k inakuwa g, h inakuwa b, shi inakuwa ji. Mto ni kawa, lakini Sumida-gawa. Daraja ni hashi, lakini Nihonbashi, pale Tokyo ambapo umbali wa barabara kuu unahesabiwa kuanzia. Kisiwa ni shima, lakini Miyajima na Sakurajima. Sio kila mara, maana Hiroshima na Enoshima zimebaki na shima, hapo hakuna ujanja, sikiliza wenyewe wanasemaje.

Sakurajima ni volkano kule Kagoshima na siku hizi sio kisiwa. Ililipuka 1914, lava ikamwagika mpaka ikaziba mlango wa bahari, kisiwa kikaungana na nchi kavu, ila jina likabaki kisiwa. Na Shibuya, ile ya njia panda maarufu watu wanavuka pande zote kwa mkupuo, ile silabi ya mwisho, -ya, maana yake ni bonde. Huamini? Panda treni ya chini ya ardhi ya Ginza, imetoka chini ya ardhi huko kote, ikifika Shibuya unajikuta uko juu kwenye jengo, treni haijapanda sana, ni ardhi ndo imeshuka. Napenda sana majina ya namna hii, yanakufundisha jiografia bila ramani.

Matamshi. Sisi waongea Kiswahili tuna bahati kubwa, vokali zao ni tano kama zetu, a e i o u, na silabi nyingi zinaishia na vokali, kwaiyo hatuna shida wanayoipata Wazungu. Shida yetu ni mbili. Ya kwanza ni urefu: Tokyo ni To-o-kyo-o, Osaka ni O-o-saka, Kyoto ni Kyo-o-to, na vibao vingi vya herufi za kizungu haviandiki huo urefu, inabidi uujue wewe. Ya pili ni mkazo, sisi tunakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, HiroSHIma, wao hawakandamizi, kila kipigo kina muda sawa na kinachopanda na kushuka ni sauti tu. Semeni polepole, Hi-ro-shi-ma, sawasawa zote.

Vivutio vipya vina majina ya kukopa, yanaandikwa kwa katakana, yaani herufi zao za maneno ya kigeni: Tokyo Tawaa, yaani Tokyo Tower, mita 333, ya mwaka 1958, na Sukaitsurii, yaani Skytree, mita 634, iliyofunguliwa 2012. Hiyo 634 walichagua makusudi, sita tatu nne inaweza kusomwa mu-sa-shi, na Musashi ni jina la zamani la jimbo la eneo lile. Kwaiyo hata urefu wa mnara ni msamiati.

Mkifika pale mlangoni mnahitaji machache: kippu ni tiketi, iriguchi ni kuingilia, deguchi ni kutokea, haikanryo ni kiingilio cha hekalu. Na kuuliza njia, taja jina pamoja na mkia wake alafu malizia "wa doko desu ka", yaani iko wapi. Kiyomizu-dera wa doko desu ka. Ukikata mkia ukasema Kiyomizu tu watakuelewa, ila Nijo ukiikata unaweza kuelekezwa stesheni ya Nijo badala ya ngome, na ngome ina stesheni yake nyingine tofauti.

Tufanye zoezi kabla ya maswali. Toeni simu, fungueni ramani ya Kyoto, tafuteni stesheni na vituo vya basi. Mae ni mbele ya, michi ni njia. Kuna stesheni inaitwa Nijojo-mae, kuna kituo cha basi Ginkakuji-michi, kingine Kiyomizu-michi. Dada uliyevaa kijani, anza na Nijojo-mae, ivunje vipande utuambie ukishuka hapo mbele yako kuna nini.