Mtu wa Kwanza
*Mhadhara uliotolewa Moshi Mjini mbele ya wanafunzi wa vyuo, madereva wa bodaboda na wakazi wa mitaa*

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Najua wengine mmeacha vijiwe saa hizi ambazo abiria ndio wanatoka kazini, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Kila nikikaa na watu nasikia malalamiko yale yale: siku hizi watu wamekuwa wabinafsi, kila mtu na lake. Mimi sikubali. Ninavyoona, watu wasiojuana hutendeana wema au ubaya kwa kumfuata yule anayeanza. Huyo ndiye nataka tumzungumze leo.

Tuchukue jambo tunalolijua wote. Bodaboda imegongwa Kiboriloni, barabara ya Himo. Muda si muda watu wamejaa. Huyu anauliza dereva ni wa kijiwe gani, yule anasema mwendo ulikuwa mkali, wengine wameshatoa simu wanarekodi. Na wapo, tuseme ukweli, wanaojipenyeza kupekua mifuko ya majeruhi. Majeruhi mwenyewe bado yuko chini, damu inatoka. Mara anatokea mama mmoja muuza ndizi, anavua khanga, anaikandamiza kwenye jeraha, anamnyooshea kidole kijana mmoja: "Wewe mwenye fulana nyekundu, simamisha gari!" Hapo hapo watu wote wanapata mikono. Huyu anashika kichwa, yule anazuia magari, mwingine anatafuta simu ya majeruhi awapigie ndugu zake. Hakuna aliyeongezeka pale; ni umati ule ule uliokuwa umesimama tu.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya New York. Mwanafunzi alikaa chumbani peke yake, akawa anasikia kwa vipokea sauti vya masikioni mwenzake akipatwa na kifafa; kilikuwa cha kuigiza, ila yeye aliamini ni cha kweli. Walioamini kwamba ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti ya mgonjwa haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia pia, waliotoka ni asilimia 31. Ila sikilizeni hili, maana kwangu ndilo zito kuliko hizo asilimia: wale waliobaki vyumbani hawakuwa wametulia. Mtafiti alipoingia aliwakuta wengi mikono inatetemeka, viganja vina jasho, wanauliza kama yule mwenzao yuko salama. Walimwonea huruma. Kilichowashinda ni kuinuka.

Ndiyo maana nasema tusiharakishe kuwahukumu waliosimama Kiboriloni.

Na ni vizuri mjue upande wa pili. Mwaka 2019 Richard Philpot na wenzake walitoa utafiti wa picha za kamera za barabarani kutoka Lancaster kule Uingereza, Amsterdam na Cape Town. Walitazama ugomvi 219 hadharani. Katika kila ugomvi kumi, takribani tisa kulikuwa na mtu aliyeingilia, na watu walipokuwa wengi zaidi, nafasi ya kupata msaada iliongezeka. Kwa nini hapa umati unasaidia na kule New York ulizuia? Nadhani sababu kubwa ni kuonana. Kule kila mtu alikuwa chumbani kwake, hajui mwenzake anafanya nini. Barabarani ukimwona mmoja anaingia, na wewe unapata ujasiri wa kuingia.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mtu akipiga yowe la "mwizi!" sokoni, umati huo huo unageuka. Wa kwanza akirusha jiwe, wa pili hajiulizi ameibiwa nani. Kesho tunasoma gazetini "wananchi wenye hasira kali". Hasira hiyo ilikuwa na mtu aliyeianzisha, na wengi wa waliopiga hawakuwa wamepoteza hata shilingi. Wameuawa watu kwa namna hiyo, wengine hawakuwa hata wezi. Nawaomba vijana: siku hiyo mmoja wenu awe wa kwanza kusema, "Subirini, tumpeleke kituoni." Aseme kwa sauti kubwa, na amtaje kwa jina rafiki yake wa kumsaidia, kwa sababu akisimama peke yake anaweza kuumizwa yeye.

Si lazima iwe damu. Asubuhi kituoni, konda anawazuia wanafunzi kupanda kwa sababu ya nauli yao ndogo. Ndani ya gari tumekaa watu wazima, tunatazama dirishani. Akitokea abiria mmoja akasema, "Konda, pakia watoto," utasikia sauti tano zinaitikia. Nafasi inapatikana. Ilikuwepo tangu mwanzo.

Kuna kinachomzuia huyo wa kwanza, na ni haki tukiseme. Wengi wanaogopa kwamba wakimpeleka majeruhi hospitali wataulizwa kama wao ndio waliomgonga, au watazungushwa na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Hofu hiyo si ya kijinga. Lakini matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri karatasi. Fomu inafuatwa huku mgonjwa anahudumiwa. Nendeni wawili, si mmoja, ili kila mmoja awe shahidi wa mwenzake.

Wengine wamechoshwa na matapeli. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umetufanya tumshuku hata anayepiga simu kwa unyonge kusema amekosea kutuma. Yule anayelia stendi kwamba hana nauli ya kurudi Same, unamkuta tena wiki ijayo analia vile vile. Tapeli hakuchukua fedha tu. Amechukua na msaada wa mgeni wa kesho ambaye kweli amekwama. Mimi siachi kusaidia, nimebadilisha namna. Anayetaka nauli ya Same, mpeleke kwenye gari, mlipie konda. Fedha ya muamala uliokosewa, pigia huduma kwa wateja waishughulikie, usirudishe kwa kufuata maelezo ya anayekupigia.

Madereva wa bodaboda, ninyi ndio mnaofika mapema kwenye ajali nyingi, kabla ya polisi, kabla ya gari la wagonjwa. Wekeni 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji kwenye simu zenu. Na tafadhali, ule mtindo wa kumbeba majeruhi mshikaki, katikati ya watu wawili, kichwa kinaning'inia, unaweza kumharibu uti wa mgongo mtu ambaye angetembea tena.

Yupo muuguzi hapa, amekuja na bendeji na ubao wa kubebea. Naomba vijana sita waje mbele. Wewe wa koti la kijani, lala chini, wewe ndiye majeruhi. Wengine mzungukeni, tuone nani anaanza.