Phaedra: mashine iliyogoma kutulia

Haya jamani, ingieni, viti vipo huku mbele msiogope. Leo nimekuja kutetea mashine, maana kila tukikaa kuongelea muziki lazima atokee mtu aseme eti muziki wa mashine ni wa wavivu, unabonyeza tu halafu kitu kinajiendea, na mimi mtu huyo huwa natamani nimkalishe chini asikilize Phaedra ya Tangerine Dream, ule wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu, dakika 17 na ushee, halafu nimsimulie walivyohangaika kuutengeneza.

Tangerine Dream ni bendi ya Berlin Magharibi, Edgar Froese aliianzisha 1967, watu wakaja wakaondoka, na kufika 1973 walikuwa watatu, Froese mwenyewe, Christopher Franke na Peter Baumann. Albamu zao za mwanzo zilitoka kwenye lebo ya Ohr hukohuko Ujerumani, ogani nzito nzito na makelele, hakuna mashairi hakuna kiitikio. Sasa kule Uingereza kulikuwa na mtangazaji wa BBC, John Peel, akaipenda sana albamu yao ya Atem akawa anaipiga redioni, na Richard Branson, ambaye lebo yake ya Virgin ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, akawasainisha. Mwezi wa 11 wakajikuta The Manor, jumba la zamani la kijijini Oxfordshire lililogeuzwa studio, palepale mwanamuziki Mike Oldfield aliporekodia albamu yake ya Tubular Bells.

Tuje kwenye mashine yenyewe sasa, na hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Franke alianza kama mpiga drams, hilo likae kichwani. Kitu alichokuja nacho ni Moog ile kubwa ya masanduku, sinthesaiza, yaani mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, imejaa swichi za kuzungusha na matundu ya kuchomeka waya, sauti huikuti imo ndani inakusubiri, unaiunga mwenyewe waya kwa waya. Na ina sikwensa, yaani safu za swichi nane nane, kila swichi unaipangia volti yake, ile volti ndiyo inaiambia osileta, yaani kile kifaa cha ndani kinachotoa sauti yenyewe, itoe noti gani, inatembea ya kwanza mpaka ya nane inarudi mwanzo, tena na tena. Noti nane basi! Ukiiacha hivyohivyo dakika tatu watu wameshalala. Kwa hiyo jamaa haiachi, anaishika ikiwa inatembea, hapa anahamisha noti moja, pale anaongeza spidi, anafungua filta sauti inang'aa anaifunga inazama, yaani bado anapiga drams yule, ila fimbo kaweka chini. Froese alisema Phaedra ndiyo albamu yao ya kwanza kutumia hiyo sikwensa ya Moog, na ile bezi inayokimbia chini kwa chini ndio kazi yake.

Shida ikaanzia hapo. Osileta za zama zile hazikupatana na joto. Mpiga ngoma wa huku kwetu ngozi ikilegea anaipasha moto inakaza anaendelea, hawa mambo yao yalikuwa kinyume, mashine ikishapata moto ndio inaanza kuhama tyuni, unairudisha, unapumua, imehama tena. Na hakuna cha kuseivu! Ukipata sauti tamu leo, kesho unaanza upya. Froese alisimulia kwamba kutyuni peke yake kulikuwa kunakula masaa kadhaa kila siku, wanaingia saa tano asubuhi wanatoka saa nane usiku, siku ya 11 inafika wana dakika sita tu za muziki kwenye tepu, sita! Juu ya hapo mashine ya tepu ikaharibika, mikisa ikawa inazingua kila mara, spika nazo zikaumia kwa sababu ya zile bezi za chini kabisa. Wakachoka wakaacha kila kitu wakaenda kupumzika siku mbili, waliporudi ndio mambo yakafunguka.

Na ule wimbo mkubwa ulianza kama kujaribujaribu tu pale studio, wakaukubali. Ukisikiliza kwa makini kuelekea mwisho utasikia sauti zinaanza kuachana, hiyo siyo ufundi wala nini, ni osileta zimepata joto zimehama, na wao wakaiacha ipite. Mimi naona ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Maprodyuza wetu leo wana programu zinazonyoosha kila noti mpaka inatoka mstari, halafu wananunua programu nyingine ya kuipindisha kidogo ili isikike ya mtu, haya bana.

Halafu kwenye albamu hiyohiyo kuna wimbo wa Mysterious Semblance at the Strand of Nightmares, jina refu kuliko treni. Froese anasema ilikuwa tarehe 4 Desemba, wenzake wamelala hoi, karibu na saa sita usiku akamwita mkewe Monika studio ashike swichi za feza, ile inayofanya sauti izunguke, yeye akakaa kwenye Mellotron, kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye tepu, wakarekodi mara moja tu ikaisha. Mellotron kila kibonyezo kina kipande chake cha tepu, kama sekunde nane hivi kinaisha, lazima uachie kirudi ndio ubonyeze tena, kwa hiyo zile sauti za fidla mnazosikia kama bahari, kama haziishi, kuna mtu anahesabu pumzi pale. Sequent C' ya mwisho ni filimbi ya Baumann na mwangwi, fupi, dakika mbili na kitu.

Ikatoka Februari 1974 ikapanda mpaka nafasi ya 15 chati ya albamu Uingereza, muziki usio na mtu anayeimba! Desemba ileile wanapiga ndani ya kanisa kuu la Reims, Ufaransa, pamoja na mwimbaji Nico, watu wakajaa kupita kiasi.

Mivutano ya nani alifanya nini zaidi mimi siingii. Taa msizime, siyo mambo yangu hayo, naanza na Mysterious Semblance halafu ndio tunarudi kwenye ule mrefu, na mwenye swali asisubiri mwisho, ninyooshee mkono tu nitapunguza sauti.