Wako hai wangapi siku ya tano?

Ndugu wafugaji, nianze na hesabu ndogo. Chukueni nguruwe jike aliyezaa vitoto 14 katika zizi ambalo wastani wake ni 10. Kila mtu hapa angemtaka binti yake, sivyo? Basi sikilizeni. Katika idadi ya vitoto, kinachorithika ni kama asilimia 10 tu. Kilichobaki ni chakula, joto, umri wa jike, siku aliyopandishwa. Amezidi wastani kwa 4; sehemu ya kumi ni 0.4, na binti anapata nusu tu ya jeni za mama. Inabaki 0.2. Mnacheka! Mabinti watano wa aina hiyo wakizaa, wote kwa pamoja watakupa kitoto kimoja cha ziada.

Wadenmaki waliijua hesabu hii, wakaacha kumtazama nguruwe mmoja mmoja. Tangu 1992 walichagua kwa idadi ya wanaozaliwa, wakitumia kumbukumbu za mama, shangazi, dada, hata za jamaa wa dume, ambaye hazai lakini jeni za uzazi anazo. Miaka ya 90 jike wao alizaa vitoto hai kama 11. Leo wanapita 17.

Chuchu je? Kumi na nne hivi, kumi na sita akijaliwa.

Na tumboni nako nafasi ni ile ile. Kila kitoto kinachoongezeka hushusha uzito wa wastani gramu 30 hadi 40, ila wastani huo unaficha mambo. Aliyepata nafasi nzuri anatoka na kilo 1.7, nduguye aliyebanwa, gramu 800. Sasa kumbukeni, kondo la nguruwe halipitishi kinga ya mama. Kitoto kinazaliwa mikono mitupu, kinategemea dang'a, yaani maziwa ya kwanza yenye kinga, kama gramu 250, ndani ya siku ya kwanza, kabla utumbo haujafunga mlango. Kwa vitoto 18 ni kilo nne na nusu. Mama hatoi dang'a zaidi kwa sababu tu kazaa zaidi, na wa kilo 1.7 hamsubiri mtu.

Vifo vilipopanda, mwaka 2004 Wadenmaki wakabadili kipimo: wahesabiwe walio hai siku ya tano. Kwangu mimi uamuzi huo unazidi kompyuta zao zote.

Usawa wa vitoto nao una jeni zake. Ufaransa walichagua sungura kwa usawa wa uzito ndani ya uzao mmoja, na vifo vikapungua.

Kuna mama ameuliza pale mbele: mwenye majike watatu afanye nini? Majike watatu hawatoshi kubadili ukoo, dada yangu. Nunua nguruwe wa mbegu kwa mfugaji mwenye daftari la kumbukumbu. Lakini nawe pima kila kitoto siku ya kuzaliwa, mzani wa jikoni unatosha, uandike. Yule wa gramu 800 umwandike pia, na akifa siku ya pili usimfute. Nikija kukuchagulia mabinti, mstari wake ndio nitakaousoma kwanza.