Acheni Unga Ulale: Mhadhara wa Buñuelo za Desemba

Karibuni, kaeni. Mliosimama nyuma sogeeni, viti bado vipo huku mbele.

Nianze na malalamiko, maana kila mwaka Krismasi ikikaribia huwa ni yale yale. Buñuelo imetoka ngumu kama kigae. Au imelegea kabla mgeni hajaketi. Au imekunywa mafuta mpaka vidole vinateleza. Halafu lawama zinaanza kugawiwa: mafuta yalikuwa mabaya, jiko halishiki moto, unga wa dukani siku hizi si unga. Jamani, mafuta yamesingiziwa vya kutosha. Mara nyingi kosa limeshafanyika saa nzima kabla mafuta hayajawekwa jikoni, pale mtu alipomaliza kukanda na papo hapo akashika mti wa kusukumia.

Kwa wachache ambao hamjawahi kuila: buñuelo ya Meksiko ninayoizungumzia leo ni duara la unga wa ngano, pana kama sahani ya wali, jembamba kiasi cha kuona kitambaa kilicho chini yake, limekaangwa likatoa malengelenge, likapakwa sukari na mdalasini au likamwagiwa shira. Kuna nyingine, ile ya maji maji inayokaangwa kwa chuma chenye umbo la ua. Hiyo ina somo lake na leo siigusi. Hii ya kusukuma inaliwa sana kwenye posada, zile sherehe za kungojea Krismasi za siku tisa, tarehe 16 hadi 24 Desemba. Ukiwa Oaxaca, mji wa kusini mwa Meksiko, tarehe 23, usiku wa mashindano ya kuchonga figili ambayo jiji linayaandaa tangu 1897, utazikuta zinauzwa ndani ya bakuli la udongo lenye kasoro. Unakula, unamaliza shira, kisha bakuli unalivunja chini. Msijaribu hilo kwa vyombo vya mama mkwe.

Na kabla hamjaniambia kwamba hiki ni chakula cha wageni kisichotuhusu: ngano na miwa vilifika kule na Wahispania, na ufundi wa kukaanga unga na kuutia utamu Wahispania waliuishi karne nyingi pamoja na Waislamu wa Andalusia. Kaimati zetu za pwani nazo zimetoka upande wa Waarabu. Hawa ni ndugu wa mbali, basi msiniangalie kama nimewaletea mnyama wa ajabu.

Haya, vipimo. Andikeni. Unga wa ngano mweupe wa kawaida gramu 500, usiochanganywa na beking pauda kiwandani. Beking pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha chakula. Siagi au samli gramu 60. Yai moja. Maji ya uvuguvugu mililita 200, lakini msiyamimine yote kwa mkupuo. Bakizeni robo yake mkononi, kwa sababu unga wa mfuko huu na wa mfuko ule haunywi maji sawa. Wameksiko wengi huchemsha kwanza maji hayo na mbegu za anisi, wakachuja, yakapoa. Wengine huyachemsha na maganda makavu ya tomatillo, ile nyanya ya kijani inayokaa ndani ya ganda lake, wakiamini kwamba yanalainisha unga. Huku kwetu hatuna maganda hayo, na beking pauda inatosha. Hamira haiingii. Narudia, haiingii, hatupiki mandazi.

Fikicheni siagi kwenye unga mpaka isionekane, ndipo yai, ndipo maji. Kandeni dakika 10 kamili kwa saa, si kwa makisio. Unga uliokandwa ukakolea huwa laini, haushiki mkononi, na ukiubonyeza kwa kidole shimo linajirudi taratibu.

Sasa hapa ndipo ninapokaa, na anayetaka kusinzia asinzie baadaye.

Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa zinashikana zikawa gluteni, utando unaovutika kila upande. Ndiyo inayowezesha duara kuwa jembamba bila kutoboka. Lakini gluteni iliyotoka kukandwa imekaza. Ukiisukuma wakati huo inajirudisha. Unasukuma hadi upana wa sentimita 20, unainua mti, imerudi 15. Unaongeza nguvu, inarudi tena. Unakasirika, unamwaga unga mkavu mwingi, unakandamiza, na mwishowe unapata kitu chembamba pembeni na kinene katikati. Kitieni hicho kwenye mafuta muone. Ukingo unaiva ndani ya sekunde 30, katikati bado pabichi. Ukisubiri katikati, ukingo unaungua. Ukitoa mapema, katikati panabaki kama ngozi, meno yanavuta. Na ule unga mkavu uliomwaga unadondoka kwenye karai, unaungua, unayatia mafuta uchungu, na buñuelo ya tano inatoka na madoa meusi. Makosa manne kwa mpigo mmoja, na mama yao ni haraka.

Dawa yake ni kulala. Unga ukishakandwa, upakeni mafuta kidogo, ufunikeni kwa kitambaa chenye unyevu, uacheni dakika 30. Kisha ukateni vidonge 16, kila kimoja gramu 50 hivi. Viviringeni, vipakeni mafuta, vifunikeni, viacheni tena dakika 20. Ndiyo, mara ya pili! Maana kuviringa kidonge ni kukanda upya. Mmeikaza tena gluteni mliyoilegeza. Watu wote wanaukubali usingizi wa kwanza. Huu wa pili ndio wanaoudhulumu.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mimi napika chapati kila siku na sipumzishi mara mbili." Sawa, dada, na chapati yako ni tamu, sibishi. Lakini chapati inataka kuwa laini. Ikiwa nene kidogo hakuna atakayelalamika, na mafuta ya tabaka zake yanaificha. Buñuelo haina pa kujificha. Unene wa milimita moja tu ukizidi, mlaji anaujua.

Mwingine atauliza: nikiwa na haraka je, niongeze maji unga uwe laini, nisukume mara moja? Utasukumika, kweli. Ila maji yaliyoongezwa lazima yatoke ndani ya mafuta, na mpaka yamalizike kutoka, rangi imeshapita. Ukiitoa kwa kuangalia rangi, ndani kumebaki unyevu, na baada ya dakika 10 imelegea. Kama una haraka, lala na unga wako jana yake: funika vizuri, weka kwenye friji usiku kucha, asubuhi utoe ukae nje saa moja upoteze ubaridi. Utasukumika kwa utii ambao hamjauona.

Na jaribio la kujua umelala au haujalala ni hili, halihitaji elimu. Bonyezeni kidonge kwa kiganja kiwe bapa, hesabuni mpaka kumi. Kikibaki palepale, endeleeni. Kikijikunja kurudi, kifunikeni, mkapike chai.

Kusukuma. Kibao kipakwe mafuta kidogo, kisinyunyiziwe unga. Sukumeni mpaka sentimita 15, wekeni kando, nendeni kwenye kidonge kinachofuata. Mkifika cha nne, cha kwanza kimepumzika tena, kirudieni. Sasa acheni mti, tumieni mikono. Akina mama wa Meksiko hutandika kitambaa safi juu ya goti wakavuta unga juu yake pande zote. Asiyetaka kutumia goti achukue bakuli la duara, aligeuze kitako juu, alifunike kitambaa, avute unga polepole kuzunguka ukingo. Vuteni kutoka katikati kuelekea nje, kwa tumbo la kidole, kucha zisiguse. Mkifika sentimita 23 au 25 na mnaona maua ya kitambaa kupitia unga, inatosha. Likitoboka tundu dogo, liacheni. Kuliziba ni kutengeneza unene mpya.

Baadaye zikauke kidogo. Zitandazeni juu ya kitambaa cha meza bila kuzifunika, dakika 15, mkazigeuze mara moja. Uso uliokauka haurushi mafuta na unashika malengelenge vizuri. Hapa ndugu zangu wa Mombasa, Tanga na Unguja mnisikilize: Meksiko Desemba ni msimu usio na mvua, hewa ya nyanda za juu ni kavu, unga unakauka wenyewe. Kwetu pwani Desemba ni joto na unyevu. Zipeni dakika 25 chini ya feni. Walio Nairobi au Arusha, dakika 15 zinawatosha. Mkizidisha ukingo unapasuka.

Mafuta: karai pana, kina cha sentimita 3, nyuzijoto 180 hadi 185. Asiye na kipimajoto adondoshe kipande cha unga ukubwa wa harage. Kikizama na kukaa chini, bado. Kikizama kikaibuka mara moja kikitoa povu, tayari. Kikigeuka kahawia papo hapo, zimeni moto msubiri. Moja kwa wakati, sekunde 40 upande mmoja, mkiikandamiza kidogo kwa mwiko isijikunje, kisha geuzeni, sekunde 30. Rangi ni dhahabu, isifike kahawia, kwa sababu inaendelea kuiva ikiwa nje.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mafuta mengi hayaingii wakati wa kukaanga, kwa kuwa mvuke unasukuma kutoka. Yanaingia mnapoitoa: mvuke unapoa, unanywea, unavuta ndani mafuta yaliyobaki juu ya uso. Kwa hiyo ikitoka, ishikeni wima juu ya karai ichuruzike mpaka matone yaishe, kisha isimamisheni wima kwenye chujio. Kuilaza juu ya karatasi, moja juu ya nyingine, ni kuziogesha kwa mafuta ya jirani yake na kuzitia mvuke kwa pamoja.

Sukari: gramu 200 na mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chakula. Inyunyizeni nusu dakika baada ya kuchuruzika. Ikiwa imepoa kabisa, sukari haishiki. Mdalasini unaopendwa Meksiko ni ule wa Sri Lanka, wenye maganda membamba mengi yaliyojikunja pamoja na unaovunjika kwa vidole. Wa Zanzibar ni wa jamii hiyohiyo, basi msinunue ule mgumu wa gome moja nene kama una chaguo.

Naona naoneshwa saa. Haya, shira kwa haraka. Wao hutumia piloncillo, maji ya miwa yaliyochemshwa yakagandishwa kwenye kalibu zenye umbo la pia. Sukari guru ni kitu hichohicho. Gramu 250, maji nusu lita, kijiti cha mdalasini, mapera matatu yaliyokatwa nusu, ganda la chungwa bila ule weupe wake. Chemsheni kwa moto mdogo dakika 20 hadi 25 bila kufunika, mpaka ibaki nusu, kisha chujeni. Sukari guru huwa na takataka za miwa. Ikipoa inazidi kuwa nzito, msingoje ifikie uzito wa asali ikiwa bado motoni. Inamwagwa mezani, mlaji akiwa na kijiko mkononi. Atakayeimwaga jikoni saa mbili kabla, asije kwangu.

Kuhifadhi: bila shira, zilizopoa kabisa, kwenye bati linalofunga, siku tatu hadi nne. Zikilegea, oveni nyuzi 150 kwa dakika 5.

Tortilla za dukani, zile chapati nyembamba za Kimeksiko? Swali hili nililitegemea. Kateni vipande vinne, kaangeni, tieni sukari ya mdalasini. Watoto watafurahi, na kwa sherehe ya dharura siwakatazi. Malengelenge kama ya unga mbichi hamtayapata, kwa sababu unga wake umeshapikwa na maji yake mengi yameshatoka. Chapati ya jana isitumike, ina mafuta ndani tayari. Kikaangio cha hewa sitakijadili.

Vidonge vile vilivyofunikwa pale mezani vimelala tangu kabla hamjaingia. Anayetaka kusukuma aje, mikono imeoshwa, pete zimevuliwa.